Jumamosi: mitaa ya miaka ya 1900
Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi hii saa 2 usiku tunaangalia filamu za Mitchell na Kenyon, wapiga filamu wa Blackburn, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1994 mafundi waliokuwa kwenye duka la zamani walikuta chini yake mapipa matatu ya chuma yamejaa mikanda yao ya filamu, karibu 800, iliyopigwa mitaani na kwenye mageti ya viwanda. Wajanja hao Mitchell na Kenyon! Wanakupiga filamu ukitoka kazini, kisha unalipa kiingilio ukajione.

Angalieni tramu zinavyopishana na mikokoteni ya farasi, na watoto wanavyong'ang'ania kukaa mbele ya kamera. Kichwa kisicho na kofia nimekitafuta kwa tabu.

Linki naweka saa 2 kasorobo. Filamu hazina sauti, kwa hiyo soga ruksa.