Kuhusu kazi ya mdogo wako

Rafiki yangu,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na habari ya mdogo wako kuchaguliwa polisi imenifurahisha mno. Unasema hapo nyumbani wengine wamenuna. Ngoja nikueleze kwa nini mimi sikununa.

Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829, wengi hawakutaka hata kusikia. Walikumbuka Manchester mwaka 1819, askari wa farasi walipouvamia mkutano wa hadhara kwa mapanga na kuua watu. Ndiyo maana polisi wale wapya walivikwa koti la buluu, lisifanane na jekundu la jeshi, na kofia ndefu kama za raia. Silaha yao ya kila siku ilikuwa rungu la mti, nalo walilificha chini ya mkia wa koti. Makamishna wao, Charles Rowan na Richard Mayne, waliwaelekeza tangu mwanzo kwamba lengo kuu ni kuzuia uhalifu. Hapo ndipo paliponigusa. Askari akizunguka usiku kucha na kukakucha hakuna duka lililovunjwa, kazi ameifanya, hata kama mahabusu ni tupu.

Zile kanuni tisa za kazi ya polisi zinazoitwa za Peel hakuziandika yeye; zilipangwa karne ya 20 na mwanahistoria Charles Reith. Hilo halinisumbui. Ile inayosema polisi ni wananchi na wananchi ni polisi naiamini kwa moyo wote.

Usidhani walipendwa upesi. Mwaka 1833, pale Coldbath Fields, London, walitawanya mkutano kwa virungu, na konstebo Robert Culley akachomwa kisu akafa. Raia walioitwa kuchunguza kifo hicho wakaamua kwamba aliyemuua alikuwa na haki, kwa kuwa umati haukuamriwa kutawanyika kama sheria ilivyotaka na polisi walifanya ukatili. Fikiria chuki ilivyokuwa! Namhurumia Culley hadi leo, lakini raia wale nawaelewa.

Nchi zilizotawaliwa na Uingereza, Tanganyika ikiwemo, zilifuata zaidi mfano wa polisi wa Ireland: wenye bunduki, wanaokaa kambini, kazi yao kuilinda serikali dhidi ya watu. Naona kivuli chake bado kipo. Mtu kaibiwa, na bado anasita kuingia kituoni.

Kwa hiyo nataka vijana wapole na wenye akili kama yeye waingie. Mwambie akishapangiwa kituo, atembee kwa miguu, awajue mama ntilie na vijana wa bodaboda kwa majina, na anayekuja kushtaki amsikilize mpaka amalize.

Nauli ya kwenda chuoni ikipelea, usione haya, niambie mapema nichangie. Nisalimie mama.

Wako akupendaye