Hana alikula kwanza: barua kwa binti zangu mnaosubiri mtoto

Binti zangu wapendwa wa jumuiya zetu hapa Moshi,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe mnalibeba kwa siri mno. Mimi ni mkunga mstaafu na mzee wa kanisa, na katika kazi zote mbili nimeyaona machozi yenu. Najua mnavyoambiwa kila upande, "Mwachie Mungu." Anasema mchungaji, anasema shangazi, anasema hata jirani aliyechoka kuwasikiliza. Na baadhi yenu mmeniuliza kwa uchungu: Mama, nimwachie vipi? Nimefunga, nimekesha, nimetoa sadaka, nimwachie nini tena?

Mna haki ya kuuliza hivyo. Kufunga, kukesha na kutoa sadaka vinaweza kuwa njia ya kumwachia Mungu, na vinaweza pia kuwa njia ya kumshika Mungu mkono ili atende tunavyotaka. Kwa nje huwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana naomba mfungue 1 Samweli sura ya kwanza, msome polepole, hata kama mmeihubiriwa mara nyingi.

Hana hana mtoto, lakini ana mume anayempenda. Elkana anamuuliza, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Ni maneno ya mtu mwema, lakini hayamfikii mke wake pale anapoumia. Penina, mke mwenzake mwenye watoto, naye anamchokoza mwaka kwa mwaka, tena safarini kwenda kuabudu. Hana halii kwa sababu hana imani. Analia kwa sababu anaumia, na Biblia haimkemei hata kidogo.

Kisha anaingia kuomba, na kuhani Eli anamdhania amelewa. Kanisa nalo linaweza kukosea namna hiyo, likaona machozi ya mtu likayaita kitu kingine. Siku hizi wangemwambia ana jini mahaba, au ana laana ya ukoo. Hana anajibu kwa heshima bila kuinama: "Nimeimimina roho yangu mbele za Bwana."

Binti zangu, hapo ndipo kumwachia Mungu kunapoanzia. Kunaanza kwa kusema kweli yote. Kama umeshindwa kumpelekea mtori rafiki yako aliyejifungua, mwambie Mungu hivyo. Kama siku ya ubatizo ulijifungia ndani ukasema unaumwa kichwa, mwambie. Kama umemkasirikia Mungu mwenyewe, mwambie pia, maana anajua tayari na hatakufukuza. Sala ya kupangapanga maneno mazuri huku moyo unaungua haijamwachia Mungu kitu, kwa kuwa kile hasa ulichopaswa kumpa umebaki nacho.

Sasa tazameni nadhiri ya Hana. Wapo wahubiri wanaoitumia kama mapatano ya sokoni: weka nadhiri, taja kiasi, Mungu atafungua tumbo. Lakini Hana aliahidi nini? Alimwahidi Mungu mtoto yule yule anayemwomba. Mtoto ambaye akishaachishwa ziwa angekwenda kuishi Shilo, kwenye nyumba ya Bwana, na mama yake angemwona mwaka kwa mwaka akimpelekea kanzu ndogo. Mtoto huyo asingemsaidia kumnyamazisha Penina jikoni kila asubuhi. Asingekuwa wa kuonyeshwa kwa mawifi. Kwa hiyo Hana aliomba mtoto, na papo hapo akaachilia yale yote aliyotaka mtoto huyo amtendee. Nimeifikiri sala hiyo kwa miaka mingi, na bado naona ni sala ngumu kuliko zote zilizoombwa na mwanamke katika Agano la Kale.

Halafu mstari wa 18, ambao ndio umenifanya niandike barua hii: "Basi huyo mwanamke akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena." Angalieni mahali mstari huo ulipo. Mimba ya Samweli inakuja mstari wa 20. Hana alikula akiwa bado hana kitu tumboni. Penina alikuwa bado yupo, na njia ya kurudi nyumbani Rama ilikuwa ile ile. Amani yake haikusubiri mtoto azaliwe.

Siwezi kuwaahidi kwamba kila mmoja wenu atampata Samweli wake. Anayewaahidi hivyo, tena kwa tarehe, amejitwalia mamlaka ambayo Mungu hakumpa. Paulo alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake, yaani taabu ya mwilini mwake, na mwiba haukuondolewa, alipewa neno, "Neema yangu yakutosha." Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Aliomba kwanza, binti zangu. Hakujifanya hataki kitu. Ndipo akasema, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Sala hiyo ina sehemu mbili. Wapo wanaowafundisha sehemu ya kwanza tu, mwombe mpaka mwone aibu kunyamaza. Wapo wanaowataka mruke moja kwa moja hadi ya pili, kana kwamba kutamani mtoto ni dhambi. Iombeni yote. Na kesho mkikuta mmerudi kwenye sehemu ya kwanza, msijihukumu, maana Yesu naye alirudi akaomba mara ya tatu, akisema maneno yale yale.

Jambo lingine nitalisema bila kuzunguka. Kujiachilia kwa Mungu si kujiachilia kwa mtu. Shilo ile ile ya Hana ilikuwa na wana wa Eli, makuhani walionyang'anya nyama za sadaka na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Imeandikwa sura ya pili. Hana aliomba jirani kabisa na watu hao, na hakuna mahali alipowakabidhi tumbo lake. Alinena moyoni mwake, midomo tu ikicheza. Basi mtumishi akikuita peke yako usiku ili "akuombee tumbo", usiende. Akisema usimwambie mumeo, mwambie mumeo siku hiyo hiyo. Akitaka uuze shamba au ukope kwenye vikoba ili "upande mbegu", yaani umpe yeye fedha ukitarajia muujiza, baki na shamba lako.

Hapa mjini kwetu, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Majengo walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwalaumu marehemu. Walikuwa na shida kama zenu, na walikuwa wameambiwa kwamba msaada uko mahali fulani pa kuwahi. Miaka 3 baadaye, kule Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Mungu hana haja tuumizane kwa kumkimbilia, wala tujiue ili atupokee.

Na kwa kinywa cha mkunga: kwenda hospitali si kumnyang'anya Mungu kazi. Mkiwa mmetafuta mimba mwaka mzima bila kufanikiwa, nendeni mkapimwe. Ukiwa umepita miaka 35, usisubiri zaidi ya miezi 6. Nendeni wawili. Mirija inaweza kuwa imeziba kwa sababu ya maambukizi ya zamani yasiyotibiwa, na mbegu za mume zinaweza kuwa chache au dhaifu. Nimeona wanawake wakipimwa kila kipimo huku mume hajakanyaga maabara, na ukoo mzima umeshaamua mwenye kasoro ni nani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la uzazi katika maisha yake. Si ninyi peke yenu, na si kwa sababu ya dhambi ya bibi yenu. Pokeeni majibu ya daktari, yawe mazuri au mabaya, kisha myapeleke mbele za Mungu yakiwa yameandikwa hivyo hivyo. Wale ambao moyo utawaongoza kuasili mtoto, njia ipo kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, na mtoto huyo atabatizwa hapa kwetu kama watoto wengine wote.

Nina neno pia kwa ninyi mnaoisoma barua hii bila kuwa wahusika. Mama wakwe, acheni kulitazama tumbo la mkamwana kabla ya kumtazama usoni. Wahubiri, msiwaite tena mbele "wenye shida ya uzazi" waje kusimama kama maonyesho. Na pale mlangoni baada ya ibada, wana ndoa wapya wasalimieni kisha waacheni wapite, bila swali la "vipi, kuna habari?"

Binti zangu, Jumatano jioni nyumba yangu iko wazi. Hakutakuwa na mafuta wala maji ya upako. Tutasoma sura hiyo ya Hana, atakayetaka kulia atalia, atakayetaka kunyamaza atanyamaza, na baada ya sala kutakuwa na chakula. Waume zenu nao waje.

Ni mimi mama yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa, Moshi