Jumba la Harewood na nguzo zetu za Marhubi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niwajibu wale ambao kila yakitajwa magofu ya kasri za masultani wetu, Marhubi au Mtoni, huja na maneno yale yale: Waingereza wanajua kuyatunza majumba yao, sisi kazi yetu kuyaachia magugu. Wengi wanaosema hivyo hawajatia mguu katika hayo majumba wanayoyasifu. Mie nimetia, na kabla ya kustaafu nilisomesha tarikhi skuli, kwa hiyo ulimi unaniwasha.

Binti yangu ameolewa Leeds, Uingereza. Kaskazini ya mji huo, safari fupi ya basi, liko Harewood, jumba la shamba la ukoo wa Lascelles. Nasema jumba la shamba kwa maana tunayoijua Unguja: tajiri ana nyumba yake mjini, na huku ana nyingine ya kupungia upepo katikati ya ardhi yake. Ila hii ardhi ya wenzetu, ukisimama kwenye baraza ya nyuma huoni mwisho wake.

Ardhi hiyo aliinunua Henry Lascelles mwaka 1738. Fedha aliipata Barbados, kwenye sukari, ushuru wa forodha, biashara ya watumwa na kuwakopesha wenye mashamba ya miwa. Mwanawe Edwin ndiye aliyeanza kujenga mwaka 1759, na kazi ikamalizika 1771. Ramani ilichorwa na John Carr wa York, mapambo ya ndani akapewa Robert Adam, samani akatengeneza Thomas Chippendale, fundi aliyezaliwa Otley, si mbali na hapo. Katika ukumbi mrefu wa picha nilitazama juu ya madirisha nikaona kitambaa kimetundikwa, mikunjo imelala vizuri, pindo zinaning'inia. Mzee mmoja anayeangalia ukumbi akaniambia nisogee nitazame tena. Kumbe mbao! Chippendale aliichonga na kuitia rangi mpaka ukaapa ni hariri. Nilisimama pale hadi binti yangu akachoka kunisubiri. Ufundi ni ufundi, hata ukijua nani aliyeulipia.

Nje ndiko kulikonishughulisha zaidi. Aliyeipanga ardhi ile ni Lancelot Brown, waliyempa jina la Capability, aliyezunguka Uingereza nzima akiwatengenezea mabwana mandhari. Kijito kikazuiwa kwa tuta kikawa ziwa la eka 32. Vilima vikalainishwa, miti ikapandwa kwa mafungu, na leo mgeni anadhani Mungu aliiumba hivyo. Sisi baada ya Mapinduzi ya 1964 tuligaiwa eka tatu tatu. Piga hesabu: ziwa hilo peke yake, la kutazamwa dirishani, lingetosha kaya kumi na kubaki. Na kulikuwa na kijiji karibu na kanisa. Kikahamishwa, Carr akajenga kingine nje ya lango. Kanisa bado lipo, limesimama peke yake kwenye miti, bila waumini wa jirani.

Sasa tuje kwenye huo utunzaji. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mengi mwaka 1833, likatenga pauni milioni 20 za fidia kwa wenye watumwa. Lodi wa Harewood, wa ukoo huo huo wa Lascelles, alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa watu zaidi ya 1,200 aliokuwa nao Barbados na Jamaica. Watu wenyewe hawakupewa hata senti. Miaka ya 1840 akaitwa Charles Barry, huyo huyo aliyejenga Bunge la London, akalipandisha jumba na kuliongezea ile baraza kubwa ya bustani. Sisemi pauni zile ndizo zilizonunua mawe yale. Nasema mwenye nyumba hakuwa na dhiki.

Dhiki ilikuja baadaye. Lodi wa sita, mume wa Princess Mary binti wa Mfalme George V, alipofariki mwaka 1947, kodi ya mirathi iliwabana warithi mpaka sehemu kubwa ya ardhi ikauzwa. Mwaka 1950 wakafungua milango kwa umma, na tangu 1986 jumba liko chini ya mfuko wa hisani. Ukienda leo unakata tiketi, unapita kwenye bustani ya ndege, unanunua chai. Ndivyo linavyoishi. Anayetuambia kwamba Mwingereza ana moyo wa kuhifadhi kuliko sisi angeniambia pia moyo huo umelipiwa na nani.

Kitu kimoja nawavulia kofia. Wanasema wazi. Karatasi za biashara ya ukoo ule ziko Chuo Kikuu cha York, watafiti wanazisoma. Lodi wa sasa, David Lascelles, hafichi mali ilikotoka. Na humo ndani, kwenye picha za mababu waliovaa mawigi, imeongezwa picha ya Arthur France, mzaliwa wa Nevis aliyeanzisha kanivali ya Wakaribi wa Leeds.

Turudi Unguja. Kwanza, Marhubi haikuangushwa na magugu. Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1882 na moto ukaila 1899, miaka 17 tu. Mtoni, kasri ya Seyyid Said alikozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844, nayo iliungua 1914. Pili, na hili ndilo linalonikera, mgeni akifika Marhubi anaoneshwa nguzo, anaoneshwa hamamu, anaoneshwa miembe, kisha anahesabiwa masuria wa sultani huku watu wakicheka. Hasikii habari ya karafuu. Haambiwi ni mikono ya nani iliyosafisha misitu ikapanda mikarafuu, wala nani aliyepanda tena mashamba ya Unguja baada ya tufani ya 1872. Na hao masuria wa kuchekewa, amri ya kufuta utumwa ya 1897 iliwaacha nje. Wenye watumwa hapa kwetu nao walilipwa fidia, masuria wakasubiri mpaka sheria ya 1909.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahusika ni dogo na halihitaji mfadhili wa kusimamisha nguzo. Wekeni ubao Marhubi, kabla ya mgeni hajafika kwenye nguzo, kwa Kiswahili kwanza. Uandike nani alijenga na lini paliungua, kisha uandike mali ilitoka mashamba gani na kwa kazi ya nani, na hiyo miaka ya 1897 na 1909 iwemo. Watembeza wageni wafundishwe hivyo hivyo. Na wanafunzi wa skuli waingie bure, maana pale Marhubi nimewahi kuona kundi la watoto limesimama nje ya uzio wakichungulia, mwalimu wao anahesabu sarafu mkononi.

Mwalimu mstaafu,
Bububu, Unguja