Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ramani, Suala la Vibao na Ada

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha wajenzi wa ramani ya simuleta ya udereva (programu ya kompyuta inayoiga uendeshaji wa magari) kwa mwaka unaoisha.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha nazo. Kamati ilikutana mara 11. Tulitoa matoleo 3 ya ramani, tukaongeza kilomita 46 za barabara, makutano 19, madaraja 5 na vibao 412. Hitilafu zilizoripotiwa ni 138, zilizorekebishwa ni 121. Mafunzo ya kuchora vibao yalifanyika mara 2. Wanachama 9 walijiunga na 4 walijitoa. Anayetaka undani wake aonane na Katibu.

Naomba muda wenu kwa jambo lililosemwa sana mwaka huu, zaidi pembeni kuliko kikaoni: uamuzi wa kuweka vibao vya mfumo mmoja na vya vipimo halisi, na uamuzi wa kuvunja njia panda namba 14 na kuweka kipilefti, yaani mzunguko wa magari, mahali pake. Yote mawili niliyasimamia mimi, na nayajibia mimi.

Kwa muda mrefu kila mjenzi aliweka kibao alichokipenda. Ramani yetu ni ya nchi moja ya kubuni, lakini ilibeba alama za nchi tatu au nne. Ukishuka mlima wa kaskazini, kona ya kwanza ilitangazwa kwa pembetatu yenye ukingo mwekundu, na mita 200 mbele kona ya pili ikatangazwa kwa kibao cha njano kilichosimama kwa ncha. Alama ya kusimama nayo ilikuwa ya aina mbili: ile nyekundu ya pembe nane, na ile ya duara yenye pembetatu ndani. Wapo walionijibu kwamba Mkataba wa Vienna wa 1968 wa alama za barabarani unazitambua zote, kwa hiyo hakuna kosa. Kosa lipo. Mkataba huohuo unaitaka kila nchi ichague umbo moja la alama za tahadhari na aina moja ya alama ya kusimama. Niliusoma mkataba mwenyewe, nikaandaa muhtasari wa kurasa 6 na kuuweka kwenye seva wiki mbili kabla ya kikao. Ulifunguliwa na mjumbe mmoja.

Sasa ukubwa, ambao ndio uliowaudhi wengi. Waliokuza vibao walikuwa na sababu, na sijawahi kusema hawana. Chukua skrini yenye upana wa pikseli 1920 na mtazamo wa nyuzi 90. Kibao cha sentimita 60, kikiwa mita 100 mbele, hakifiki pikseli 6. Jicho zima la dereva aliye barabarani huona kwa ukali unaozidi huo zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana mtu alikuza kibao mara mbili, jirani yake akakuza mara tatu ili cha kwake kisimezwe.

Lakini itazameni picha ya toleo la zamani niliyoihifadhi. Lori limesimama kando ya kibao cha kikomo cha kasi, na kibao kinafunika mlango wa dereva wote, kuanzia ngazi ya kupandia hadi juu ya kioo cha pembeni. Lori la tani nyingi limegeuka mchezo wa mtoto. Jicho hukadiria umbali kwa kutumia vitu ambavyo tayari linajua ukubwa wake, hivyo kibao kilichokuzwa huonekana kiko karibu kuliko kilipo. Watu wanajifunzia udereva kwenye ramani hii. Tukiwazoesha vipimo vya uongo, watakwenda navyo barabarani.

Alama za amri hazihitaji kukuzwa kwa sababu hazisomwi, zinatambuliwa. Pembe nane ni ya kusimama tu. Pembetatu iliyoelekeza ncha chini ni ya kupisha tu. Hata ukiziona kwa mgongo, ukiwa kwenye barabara kuu, unajua anayetokea barabara ndogo ameamriwa nini. Shida ya kweli iko kwenye vibao vya mwelekeo, vyenye majina. Herufi ya sentimita 20 hufikisha pikseli 8, kipimo ambacho kwa majaribio yetu ndipo inaposomeka, ikiwa imebaki mita 24. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, hapo dereva ana sekunde 1 tu na nukta chache. Hawezi kusoma, kutazama kioo na kuhama njia. Kwa hiyo vibao vya mwelekeo peke yake vimeruhusiwa kukuzwa mara moja na nusu, majina yasizidi matatu, na kibao kirudiwe: kimoja mapema kabla ya makutano, kingine kwenye makutano yenyewe. Hilo la kurudia nililipendekeza mimi, na leo hata waliolipinga wanalitumia.

Njia panda namba 14. Najua mjenzi wake aliifanyia kazi miezi minne, na kazi ya mkono wake ni safi: vivuko vya miguu, vifuniko vya mitaro, hata nyufa za lami zimekaa mahali pake. Lakini kati ya ripoti 138 za hitilafu, 31 zilitoka hapo. Magari yetu hupita kushoto, na yale ya kompyuta yaliyotaka kukata kulia yalikuwa yakisubiriana katikati, kila moja likimpisha mwenzake, mpaka foleni ikarudi hadi darajani. Nilikaa usiku mmoja nikitazama. Taa zilibadilika mara 6 bila gari hata moja kutoka upande wa mashariki. Njano yenyewe ilidumu sekunde 1, wakati gari la kilomita 80 kwa saa linahitaji zaidi ya sekunde 4 ili dereva aamue na kusimama bila kukanyaga breki za ghafla.

Njia panda ya mikono minne ina nukta 32 ambapo magari hukatana, huungana au huachana. Kipilefti cha njia moja kina 8. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na sijapata aliyeijibu kwa hesabu. Ni kweli kwamba kwenye toleo la kwanza magurudumu ya nyuma ya tela yalikuwa yakipanda kisiwa cha katikati, kwa sababu tela hukata kona kwa ndani kuliko kichwa cha lori. Nilizungushia kisiwa ukingo wa chini unaokanyagika, na ndani ya siku 3 tatizo likaisha. Tangu hapo ripoti za eneo hilo ni 2.

Nimesikia neno udikteta likitajwa. Ndugu zangu, suala hili liliitishiwa mikutano miwili ya wanachama wote. Tuko 52. Wa kwanza walifika 14, wa pili 11. Akidi haikutimia mara zote mbili, na katiba yetu inasema katika hali hiyo Kamati iamue. Kamati ikaamua. Katika waliolalamika kwa sauti kubwa baadaye, hakuna hata mmoja ambaye jina lake limo kwenye orodha ya mahudhurio. Hilo liliniuma, na naona ni haki nilitamke hapa.

Ada nayo inasikitisha. Waliolipa kamili ni 19, waliolipa nusu ni 8, ambao hawajalipa chochote ni 25. Kwa miezi miwili seva ililipiwa kutoka mfukoni mwangu, na Mweka Hazina ana stakabadhi. Sidai kurudishiwa. Naomba tu hao 25 wakumbuke kwamba ramani wanayoendesha kila jioni haikai hewani.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kushughulikia vibao vya usiku, maana kwa sasa vinawaka vyenyewe kama taa badala ya kuakisi mwanga wa gari. Tungependa pia kugusa makutano ya reli, na pengine kuandaa mwongozo wa wajenzi wapya. Tutaona nguvu zitakavyokuwa.

Mwisho, faili za zamani hazikufutwa kama inavyovumishwa. Njia panda namba 14 iko nzima kwenye kumbukumbu, pamoja na taa zake. Makutano ya bandarini bado ni lami tupu, na kasi pale ni kilomita 40. Mjenzi wa namba 14 akitaka kuzihamishia huko taa zake, atuletee njano ya sekunde 3 na awamu ya peke yake ya wanaokata kulia. Nitakuwa wa kwanza kupiga kura ya ndiyo.

Mwenyekiti