Vijana wetu wasipande yoti bila karatasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wa Tanga na wazazi wao, pia na wenye dhamana ya mambo ya mabaharia.

Kila kusi inapolegea na maleleji, kipindi cha pepo za kubadilika, kuingia, yoti, yaani vyombo vya matanga vya starehe, zilizotia nanga mbele ya Ras Kazone huanza kujiandaa kuteremka Afrika Kusini, ziwahi kabla ya msimu wa vimbunga katika Mlango wa Msumbiji. Nyingine haziendeshwi na wenyewe. Mwenye chombo amepanda ndege karudi kwao Ulaya, amemlipa nahodha amfikishie chombo chake Richards Bay au Durban. Nahodha naye anahitaji watu wawili wa kushika zamu, ndipo vijana wa mitaa yetu ya Deep Sea na Sahare wanapoitwa. Mimi ni fundi wa matanga na niliitwa hivyo hivyo. Kazi ile naipenda, wala sitaki kijana yeyote akatazwe kwenda. Nataka aende akijua anachokwenda kufanya, na karatasi zake ziwe mkononi.

Aliyekulia kwenye ngalawa ana mtaji mkubwa. Anajua kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo, anajua rangi ya maji juu ya mwamba. Lakini safari hii ni zaidi ya maili 1,400 za baharini, na mwanzo wake ni mgumu. Mkondo mkubwa utokao mashariki hugonga bara karibu na Rasi ya Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ukagawanyika: tawi moja linapanda kwetu, jingine linateremka Msumbiji. Kwa hiyo kutoka Tanga hadi uvuke Mtwara, maji yanakurudisha nyuma usiku na mchana. Kule mwisho kuna mkondo wa Agulhas unaoshuka kusini-magharibi. Upepo ukivuma kutoka huko huko maji yanakoelekea, mawimbi yanasimama wima kama kuta. Nahodha wetu alitia nanga nyuma ya kisiwa cha Inhaca, karibu na Maputo, akangoja upepo huo upite, ingawa mwenye chombo alikuwa akimhimiza kwa simu. Nahodha wa namna hiyo ndiye wa kusafiri naye.

Tulikuwa watatu: zamu ya muda wa saa tatu, mapumziko ya muda wa saa sita. Usiku hutoki nje bila mkanda ulionaswa kwenye kamba ipitayo sitaha yote, omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Kijana aliyezoea kutembea juu ya mrengu, ule mti wa ubavuni mwa ngalawa, huona aibu kujifunga. Ajifunge. Chombo kikikimbia na upepo wa nyuma gizani, hadi matanga yashushwe na usukani ugeuzwe, kichwa cha mtu aliyeanguka hakionekani tena. Na kabla nanga haijang'olewa aulize boya la kujiokolea liko wapi, redio inawashwaje kwenye chaneli 16 ya kuombea msaada, na kile kifaa cha kupeleka ishara kwenye setilaiti kimewekwa wapi. Nahodha anayekasirishwa na maswali hayo aachwe aende na wengine.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Kijana mmoja ninayemfahamu alipanda kwa maneno ya mdomo. Walipofika Durban nahodha alimpa mkono, akamshukuru, akaondoka zake. Tiketi ya kurudi aliyoahidiwa haikuonekana. Mama yake aliwaomba wenzake katika upatu wamtangulizie zamu yake, ndipo mtoto akapata nauli ya basi la kurudi. Mimi sioni tofauti ya jambo hilo na wizi.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 umewekwa kwa ajili ya vyombo vya biashara, na yoti ya starehe ya mtu binafsi kwa kawaida haimo. Kinachobaki kumlinda kijana ni kile kilichoandikwa na kutiwa saini kabla ya safari: nani analipa chakula, nani anakata tiketi ya kurudi, na chombo kikiharibika njiani itakuwaje. Jina lake liwe kwenye orodha ya mabaharia inayogongwa muhuri tunapoondoka. Aulize pia njia. Mayotte, kisiwa kilicho jirani na Komoro, ni ardhi ya Ufaransa, na pasipoti yetu haiingii huko bila viza hata kama mwamba umevunja usukani.

Anayeanza mara nyingi halipwi, anapewa chakula na tiketi tu, na kama wamekubaliana hivyo sina ugomvi. Ila wapo wanaomtaka achangie na chakula. Mtoto wa Sahare anayelijua tanga kuliko mgeni aliyekuja kuongeza maili kwenye daftari lake la safari, achangie nini?

Mafunzo ya awali ya usalama, yale ya mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa 1978, mimi niliyafuata Dar es Salaam: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama kazini. Ada ni jambo moja, chumba na chakula cha mjini ni jingine, na mvuvi wa Kigombe hawezi vyote viwili. Nakiomba Chuo cha Bahari Dar es Salaam kilete wakufunzi Tanga mara moja kwa mwaka, kabla ya Septemba kwisha. Maji ya kufundishia tunayo. Naliomba pia Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, liandike mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule, upatikane bandarini bure.

Mpwa wangu ameitwa msimu huu. Nimeshamwandikia karatasi yake kwa mkono, na nahodha asipoitia saini, kijana atabaki hapa kushona matanga nami hadi mwakani.

Fundi Matanga,
Deep Sea, Tanga