Barua ya wazi kwa Baba Mkubwa, kabla hamjalivunja kanisa la zamani

Shikamoo Baba Mkubwa. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesikia kamati ya ujenzi inakutana mwisho wa mwezi kuamua kama kanisa la zamani livunjwe, na kwamba wengi wenu mmeshakata shauri. Nakuandikia hadharani kwa sababu wewe ndiwe mwenyekiti na neno lako lina uzito, na kwa sababu najua hatuko peke yetu Kagera tunaoumiza kichwa na jengo la namna hii. Naomba msilivunje.

Hofu yenu naielewa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na sote tuliona lilivyoifanya shule ya Ihungo. Watu walikufa kwa kuangukiwa na kuta. Na litarudi: tunaishi jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ule ule ulioitikisa Rukwa mwaka 1910 na Toro, Uganda, mwaka 1966. Kwa hiyo sisemi liachwe lilivyo. Nasema kuta zake zifungwe pamoja.

Nilipokuja Pasaka nililizunguka ukuta kwa ukuta. Ufa unaowatisha ni ule wa kwenye kona, upande wa sakristia. Umeanzia juu kabisa chini ya mabati, unaingiza vidole viwili, na kadiri unavyoshuka unapungua hadi kwenye usawa wa dirisha umebaki mwembamba kama uzi. Chini ya hapo ukuta ni mzima na msingi haujatitia. Kuta mbili zimeachana juu kwa sababu hakuna kilichozishika pamoja. Waliolijenga walitumia matofali ya kuchoma na udongo, wakapandisha kuta nene, kisha wakalaza kenchi juu yake bila kuzifunga. Linta, yaani mkanda wa kuzishika kuta kuzunguka jengo zima, haipo. Ardhi ikitikisika, kila ukuta unacheza peke yake, na ule mrefu unalala kwa nje. Matofali yenyewe ni mazuri, Baba Mkubwa. Hayo ambayo Babu aliyabeba kichwani akiwa kijana bado yanalia ukiyagonga.

Kazi inayotakiwa inajulikana. Nondo ndefu zinapitishwa kutoka ukuta hadi ukuta, chini kidogo ya kenchi, na kukazwa kwa nati juu ya pleti za chuma upande wa nje. Waitaliano wamefunga majengo yao hivyo kwa karne nyingi. Kenchi nazo zinafungwa kwenye ukuta pande zote. Ile pembetatu ya ukuta iliyo juu ya mlango mkuu ishikizwe kwenye paa mapema kabisa, maana ndiyo huwahi kuanguka, na huwaangukia watu wanaokimbilia nje. Nyufa zijazwe uji wa chokaa, polepole, kuanzia chini kwenda juu.

Kinachoninyima usingizi ni pendekezo la yule fundi wa kumwaga bimu nzito ya zege juu ya kuta zote, kisha kupiga lipu ya saruji ndani na nje. Tetemeko la Amatrice, Italia, lilitokea tarehe 24 Agosti 2016, wiki zisizofika tatu kabla ya letu. Wahandisi walikuta huko, kama walivyokuwa wamekuta mkoa wa Umbria, Italia hiyo hiyo, mwaka 1997, nyumba za mawe zilizovuliwa paa la mbao na kuvishwa zege zikiwa zimeporomoka. Ukuta dhaifu haukuweza kuubeba ule uzito ulipoanza kuyumba. Na saruji juu ya udongo hufungia unyevu ndani, ukuta ukaoza huku kwa nje unang'aa. Tukifanya hivyo tutakuwa tumetumia michango ya waumini kulidhoofisha kanisa.

Hilo la Umbria lina jingine la kutufunza. Kule Assisi, basilika la Mtakatifu Fransisko lilitikiswa usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1997. Asubuhi watu waliingia kukagua madhara, tetemeko la pili likapiga, dari ya matofali ikaanguka na wanne wakafa. Juu ya dari ile kulikuwa na kifusi cha miaka mingi, mzigo mzito ambao waumini waliokuwa chini hawakuuona. Hakuna aliyelibomoa basilika. Kifusi kiliondolewa, dari ikaimarishwa, na Novemba 1999 likafunguliwa tena. Sisi kanisa letu ni dogo, paa ni la bati, halina hata dari ya matofali. Kazi yetu ni nyepesi mno kuliko yao.

Basi naomba haya kabla ya kikao. Mlango mkuu ufungwe leo, na ile pembetatu itegemezwe kwa magogo. Watoto wa mafundisho wasikae tena kivulini pale. Mtafuteni mhandisi aliyewahi kushughulika na majengo ya zamani, na ofisi ya Mambo ya Kale iandikiwe barua. Kwenye kila ufa bandikeni kiraka chembamba cha jasi chenye tarehe. Kikikatika, ukuta bado unatembea, na tutajua ni wapi. Jasi nitaituma na basi la Ijumaa, na gharama ya mhandisi kufika nitaibeba mimi. Kura ya kuvunja ningeomba isogezwe hadi ripoti yake isomwe mbele ya wote.

Mwanao