Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Shule, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Meza yetu imejaa mataya ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe na punda. Mengi tulipewa machinjioni, tukayachemsha na kuyaanika. Kwayo tunajifunza jinsi wataalamu wanavyowatambua wanyama wenye kwato waliotoweka zamani. Enameli, yaani gamba la nje la jino, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Mifupa huvunjwa na fisi au huoza, gego likabaki.

Magego ya ng'ombe yana mikunjo ya mwezi mwandamo, ya nguruwe yana vinundu. Gego refu huwa la mla nyasi, maana nyasi na vumbi lake hulisaga jino upesi. Anayetuvutia zaidi ni Hipparion, farasi wa kale mwenye vidole vitatu, ambaye visukuku vyake, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vimepatikana Olduvai na Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Kwenye gego lake la juu kuna duara dogo la enameli lililojitenga peke yake; kwa pundamilia, sehemu hiyohiyo imeungana na enameli nyingine ya jino. Mtaalamu akiliona hilo hahitaji mguu wala fuvu.

Hata hivyo jino halisemi yote. Huko Ulaya, Georges Cuvier, mtaalamu Mfaransa wa wanyama wa kale, aliona mfupa wa kidole chenye kucha kubwa akadhani ni wa kakakuona mkubwa mno. Mwaka 1833 mtaalamu Mjerumani Johann Kaup aliyaita meno ya mnyama wa aina hiyo Chalicotherium. Baadaye sana ndipo ikajulikana kuwa meno na makucha ni ya kundi moja: ndugu wa farasi na kifaru, lakini mwenye makucha! Jamaa zake waliishi hata Rusinga, kisiwa kilicho upande wa Kenya wa ziwa letu, zama ambazo ziwa lenyewe halijakuwepo.

Mheshimiwa, changamoto zetu ni hizi. Lenzi ya mkono tunayo moja, na mataya yamo kwenye maboksi, panya wanayaguguna. Tunaomba kabati la vioo, lenzi na kalipa za vernia za kupimia meno. Tunaomba pia usafiri wa kwenda makumbusho ya Olduvai. Inatuuma kwamba Serengeti tu ndiyo imetutenganisha nako, na wengi wetu hatujawahi kufika.

Kwa wazazi: ukiona jino lililogeuka jiwe, usiling'oe. Piga picha, weka alama mahali hapo, utoe taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Likishahamishwa bila kumbukumbu ya tabaka la ardhi lilimolala, hakuna atakayejua umri wake.

Tunaomba kuwasilisha.